Uungwana wa Zamani Ulikuwa wa Nani?

"Zamani watu walikuwa waungwana." Sentensi hii nimeisikia Butali mara nyingi mno. Huisikia kwa wazee wanaosubiri matatu kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, kwa madereva wa trekta za miwa waliopanga foleni kuelekea kiwandani, na matangani, pale msemaji anapotaka kuwasuta vijana bila kuwataja. Mwishoni mwa muhula mmoja uliopita niliisikia tena, na safari hii ilitoka kinywani mwa msichana wa kidato cha tatu ambaye hiyo zamani hakuiona hata kwa ndoto.

Nilikuwa nimealikwa katika shule moja ya sekondari ya huku kwetu, siku ya kuwatuza wanafunzi waliofanya vyema. Kabla ya zawadi kutolewa, palikuwa na mdahalo. Hoja ilikuwa kwamba Kenya ya zamani ilikuwa bora kuliko Kenya ya leo. Watetezi wa hoja walijiandaa barabara. Walizungumzia maziwa ya bure shuleni, mwalimu aliyeheshimiwa kuliko chifu, mhitimu wa chuo kikuu aliyesubiriwa na kazi, milango isiyofungwa usiku, na Mumias iliyowalipa wakulima wa miwa wakajenga nyumba za mabati na kusomesha watoto. Wapinzani walijibu kwa simu za mkononi, barabara za lami na serikali za kaunti. Hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza iwapo hiyo zamani iliyosifiwa ilikuwa na aibu zake. Walishindwa, tena vibaya.

Nilipoitwa kutoa nasaha, nami nilifuata upepo. Nilisimulia maziwa ya Nyayo, vile vipakiti vya pembe tatu tulivyovitoboa kwa meno, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Nikaketi nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Dakika chache baadaye, langoni, mama mmoja miongoni mwa wazazi aliniambia maneno machache yaliyoifanya hotuba yangu ionekane kama nyumba isiyo na ukuta wa nyuma. Nitamrudia mama huyo. Kwanza niruhusuni, wapenzi wasomaji, niseme niliyopaswa kuyasema siku ile mbele ya walimu na wanafunzi wale.

Kazi yangu ni lugha, na kwa hiyo nianze na neno. Muungwana ni nani? Leo tunamaanisha mtu mwenye adabu, mpole, anayejua kuishi na wenzake. Lakini maana hiyo ni mtoto wa maana iliyotangulia. Katika Kiswahili cha pwani cha karne zilizopita, muungwana alikuwa mtu huru, yaani mtu asiye mtumwa. Neno hilo lilihitaji kinyume chake ili liwe na maana: palipokuwa na muungwana, palikuwa na mtwana na mjakazi. Wafuasi wa misafara ya biashara kutoka pwani walijiita Waungwana ili wajitenge na wenyeji wa bara, na ndiyo sababu Kiswahili cha mashariki ya Kongo kiliitwa Kingwana. Wenyeji wa bara, mababu zetu sisi, tulipewa jina la washenzi. Hata neno tunalolipenda sana, ustaarabu, asili yake ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kujifanya Mwarabu.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ulikoma kutambuliwa kisheria kule mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Watumwa waliondoka katika sheria, lakini neno lilibaki likivaa kanzu safi. Basi anayesema kwamba zamani watu walikuwa waungwana anasema kweli bila kukusudia: baadhi yao walikuwa waungwana kwa sababu wengine hawakuruhusiwa kuwa hivyo. Swali linalofaa kuulizwa ni moja. Uungwana huo ulikuwa wa nani, na ni nani aliyeulipia?

Nisieleweke vibaya. Sikuja kuwacheka wanaoitamani jana. Tamaa hiyo si upumbavu, na aghalabu si uongo. Maziwa yalikuwapo. Mpango wa maziwa ya shule ulianzishwa mwaka 1979, Rais Daniel arap Moi alipokuwa bado mgeni mamlakani, na nilipoingia darasa la kwanza mwaka 1986 niliyanywa mimi mwenyewe. Mumias nayo haikuwa hadithi ya kubuni. Kampuni hiyo iliyoundwa mwaka 1971 iliibadilisha sura ya eneo letu, na ilipowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, wengi waliomboleza kama waliofiwa na jamaa. Kijana mwenye shahada anayeendesha bodaboda kati ya Butali na Malava ana haki ya kuuliza zilikokwenda zile kazi alizosimuliwa na babake. Anapoisifu jana, mara nyingi anailaumu leo kwa njia ya heshima. Anayeishi kwa njaa hawezi kukatazwa kukumbuka karamu.

Tatizo linaanza pale kumbukumbu ya karamu inapogeuka kuwa hati ya kumsafisha mwenye karamu. Rais Moi alipofariki mwezi Februari mwaka 2020, vinywa vingi vilikumbuka maziwa. Ni vinywa vichache vilivyokumbuka kwamba serikali iliyotugawia maziwa ndiyo iliyokuwa madarakani tarehe 10 Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walipokusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakanyimwa maji juani na kuuawa. Kwanza serikali ilitaja watu 57. Mwaka 2000 ilikiri 380. Manusura wanasema ni wengi zaidi ya hao. Yatima wa Wagalla alikuwa mtoto wa shule kama mimi. Akiulizwa leo kuhusu enzi hiyo, hataanza na maziwa.

Ni serikali hiyo hiyo iliyokuwa na vyumba vya mateso chini ya jumba la Nyayo jijini Nairobi. Humo, hasa miaka ya 1986 na 1987, waliotuhumiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya walifungiwa gizani, wakasimamishwa katika maji, wakapigwa hadi wakakiri wasiyoyafanya. Wengi wao walikuwa wahadhiri na wanafunzi. Kuanzia mwaka 2010 Mahakama Kuu imewaamulia manusura kadhaa walipwe fidia, kwa hiyo hatuzungumzii uvumi wa vijiweni. Katika jumba hilo hilo Wakenya wamekuwa wakipanga foleni ya pasipoti kwa miaka mingi, na sijui ni wangapi kati yao waliowahi kufikiri juu ya kilichokuwa chini ya nyayo zao.

Walimu wa Kiswahili hawana udhuru kabisa wa kuyasahau haya, maana fasihi yetu imebeba makovu yake. Abdilatif Abdalla alifungwa jela kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, enzi za Mzee Jomo Kenyatta, kwa sababu ya kijikaratasi kilichouliza Kenya inaelekea wapi. Mashairi aliyoyaandika kifungoni yakawa Sauti ya Dhiki, diwani iliyopata mwaka 1974 tuzo ya fasihi yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Alamin Mazrui, mwanaisimu na mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki, aliwekwa kizuizini mwaka 1982 bila kufunguliwa mashtaka. Hao ndio waandishi wa "enzi zile mwalimu alipoheshimiwa". Mwalimu aliheshimiwa, naam, mradi anyamaze.

Tena hatuhitaji kwenda Wajir wala Nairobi. Mwezi Oktoba mwaka 1991, katika shamba la Miteitei huko Nandi, yalizuka mapigano yaliyoitwa ya kikabila, ilhali nyuma yake palikuwa na wanasiasa walioogopa mfumo wa vyama vingi. Yalienea hadi Trans Nzoia, Bungoma na kwingineko. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku iliripoti mwaka 1992 kuwa watu 779 walikuwa wameuawa. Mwanzoni mwa mwaka huo walikuja shuleni kwetu watoto watatu kutoka upande wa Nandi, bila sare, bila vitabu, mmoja wao bila viatu. Nyumba yao ilikuwa imechomwa. Mwalimu aliwaketisha nyuma ya darasa, na siku ya maziwa ilipofika, nao walipewa. Nawakumbuka wakinywa polepole mno. Miaka mingi nimeisimulia habari ya maziwa yale, na kila mara nimewaacha watoto hao watatu nje ya mlango.

Wapo pia wanaorudi nyuma zaidi. Utawasikia wakisema kwamba hata wakati wa mkoloni mambo yalikuwa na mpango, kwamba Mzungu alikuwa mkali lakini mwadilifu. Hao nawaomba wachunguze maneno mawili tunayoyatumia bila kufikiri. La kwanza ni kipande. Vijana wengi huliita hivyo kitambulisho chao cha taifa. Kipande cha asili kilianza kutumiwa mwaka 1919 na 1920, na kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kuwa nacho. Kilikuwa na alama za vidole vyake na maelezo ya mwajiri, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Mtu hakuweza kumwacha mwajiri bila kipande chake kutiwa sahihi. Kilifutwa mwaka 1947. Neno la pili ni boi. Mwanamume mwenye mke na wajukuu aliitwa mtoto na mwenye nyumba, na hadi leo tunamwita anayetunza bustani "shamba boi" bila aibu.

Na huo uadilifu, je? Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyoahidi kwamba ardhi ya Waafrika itabaki mikononi mwao milele, na ikiwa sehemu yake itachukuliwa kwa manufaa ya umma, wapewe ardhi nyingine badala yake. Mwaka 1931 dhahabu ikagunduliwa Kakamega. Mwezi Desemba mwaka 1932 sheria ilikuwa imekwisha kubadilishwa ili ardhi yenye dhahabu itwaliwe bila kupewa nyingine. "Milele" ya mkoloni haikutimiza miaka mitatu. Kila ninapopita Kakamega na kusikia mtu akisifu utaratibu wa enzi hiyo, nakumbuka kwamba utaratibu ulikuwapo kweli: hata unyang'anyi ulikuwa na karatasi, muhuri na tarehe.

Hadi hapa nimezungumza juu ya watawala, na ni rahisi kuwazungumzia watawala kwa sababu si sisi. Lakini jana ilikuwa pia na madhambi ya nyumbani na ya darasani, yaliyotendwa na watu tuliowapenda, na mengine na sisi wenyewe. Milango haikufungwa usiku, tunaambiwa. Sawa. Lakini nyuma ya milango hiyo mke alipigwa na jirani akasema hayo ni mambo ya watu wawili. Mjane alihesabiwa pamoja na mali ya marehemu. Msichana aliyeshika nafasi ya kwanza aliachishwa shule ili ada imtoshe kaka yake aliyeshika ya ishirini. Aliyepata mimba alifukuzwa, na aliyempa mimba, pengine mwalimu, akaendelea kusahihisha madaftari. Kijiji kilikuwa na amani kwa sababu waliodhulumiwa hawakuwa na mahali pa kupeleka kelele zao.

Sasa nifike kwangu mwenyewe. Katika shule ya msingi niliyosomea, kama katika shule nyingi za Kenya, palikuwa na kibao cha mbao kilichotobolewa na kutiwa kamba. Tulikiita disiki. Aliyesikika akizungumza lugha ya mama alivishwa shingoni, na njia pekee ya kukivua ilikuwa kumnasa mwingine akitenda kosa hilo hilo. Jioni mlolongo wote wa waliokivaa ulitajwa na kuchapwa. Wajuzi wa historia wataona mara moja kwamba tulikuwa tumerithi mtindo wa kipande: kosa la mtu kutundikwa shingoni pake ili asomwe na kila apitaye. Tofauti ni kwamba cha babu zetu kilidai jasho, na chetu kilidai tuione aibu lugha ya mama zetu.

Na wala sera haikudai hivyo. Ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilikuwa imependekeza watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo lao katika madarasa matatu ya mwanzo. Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, lakini katika shule yetu hata Kiswahili kilikuwa kosa siku za Kiingereza. Disiki ilitoka wapi basi? Ilitoka katika imani iliyokita mizizi kwamba Kikabarasi ni lugha ya washamba, na kwamba mtoto akikisahau amepiga hatua.

Nikiwa darasa la tano, asubuhi moja nilivishwa disiki. Nilikaa nayo hadi mapumziko nikitafuta wa kumpa, nikiwa na hofu ya jioni. Wakati huo mtoto wa darasa la kwanza alianguka karibu na mtungi wa maji akapasuka goti. Dada yake, aliyekuwa darasa moja nami, alimkimbilia akambembeleza kwa lugha waliyoizungumza nyumbani. Ni lugha gani nyingine ambayo mtu angembembelezea mdogo wake anayetokwa na damu? Nilimsogelea nikamvisha kamba shingoni akiwa bado amepiga magoti. Jioni alichapwa mbele ya shule nzima. Nami nilichapwa, maana mlolongo haukumsamehe mtu, lakini nililia kidogo na kuondoka nikijiona mjanja. Yeye hakulia. Tangu siku hiyo hadi tulipomaliza darasa la nane mwaka 1993 sikumbuki nikimsikia akizungumza darasani ila alipoulizwa swali.

Hii ndiyo shule ambayo sisi tuliosoma humo tunaisifu tukikutana. Tunasema tulichapwa na tukawa watu. Wanaosema hivyo ni wale waliokuwa watu wa kutajwa: wahadhiri, makarani, maafisa wa kaunti. Waliochapwa wakaacha shule hawaalikwi kwenye siku za kutoa zawadi. Kumbukumbu tunayoiita ya kijiji kizima ni kumbukumbu ya waliofaulu mtihani wake.

Najua hoja itakayoletwa kunipinga, maana nimewahi kuitumia mimi mwenyewe. Watasema kila zama na mambo yake, na si haki kuwahukumu wa jana kwa vipimo vya leo. Hoja hiyo ina uzito kidogo. Mwalimu aliyetuvisha disiki aliamini anatuandalia maisha mema, na mimi simchukii. Lakini hoja hiyo inasahau kwamba hata hiyo jana palikuwa na vipimo. Kamati ya Gachathi ilikuwa imekwisha kusema. Abdilatif Abdalla alikuwa amekwisha kuuliza. Wazee wa Kakamega walilalamikia ardhi yao mwaka ule ule wa 1932, si baada ya miaka tisini. Aliyepigwa alijua kwamba anapigwa. Hatuleti vipimo kutoka leo tuwabandike watu wa kale. Tunawasikiliza tu wale ambao hata wakati huo hawakusikilizwa.

Wengine watasema: hata leo yapo, tena pengine ni mabaya zaidi, basi ya nini kufukua makaburi? Nao nawajibu kwamba hilo ndilo hasa linalonitia hofu. Mwezi Juni mwaka 2024 vijana waliandamana kupinga Mswada wa Fedha, wakaingia Bungeni tarehe 25, na baadhi yao wakapigwa risasi. Katika miezi iliyofuata palikuwa na vijana waliotekwa na watu wasiovaa sare, wakaingizwa katika magari na kutojulikana walipo. Niliwasikia wanafunzi wangu wakishangaa kwamba jambo kama hilo halijawahi kutokea Kenya, na kwamba zamani serikali iliheshimu watu. Moyo uliniuma. Lilikwisha kutokea, tena waliotendwa walikuwa wa umri wao na walisomea katika vyuo vyao. Kama wangefundishwa jana yote, si nusu yake tamu, wangelitambua jambo hilo tangu hatua ya kwanza, wangejua waliotangulia walilikabili vipi, na mahakama ilikuja kusema nini. Anayeipamba jana anampokonya kijana silaha ya kuijua leo.

Wenzetu wa mbali wamelikabili tatizo hili pia. Ujerumani ya Mashariki ilipotoweka mwaka 1990, haukupita muda mrefu kabla ya watu kuanza kuitamani: kazi za uhakika, shule za chekechea, kodi nafuu ya nyumba. Wajerumani waliunda hata neno lake, Ostalgie, yaani kutamani mashariki. Lakini kwa sheria ya mwaka 1991 walifungua pia majalada ya polisi wa siri wa enzi hiyo, na raia akapata haki ya kusoma yaliyoandikwa juu yake, pengine na jirani yake mwenyewe. Anayetaka kutamani na atamani, lakini jalada liko wazi. Sisi Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake mwezi Mei mwaka 2013, mijalada minene yenye ushahidi wa Wakenya kutoka kila pembe. Mapendekezo yake mengi yangali kwenye karatasi. Hata hivyo, ripoti inasomeka. Hakuna anayemzuia mwalimu wa historia kuifungua.

Nawageukia walimu basi, kwa kuwa ninyi ndio mliobaki na ufunguo. Siwaombi mwageuze watoto wawe walalamishi, wala mwafundishe kuwadharau wazee. Nawaomba mbadilishe zoezi moja tu. Tunazoea kumtuma mwanafunzi kwa babu mmoja akaulize maisha yalikuwaje zamani, arudi na insha inayoanza kwa sifa na kuishia kwa majuto. Mtumeni kwa watu wawili wa kijiji kimoja juu ya mwaka mmoja: mzee aliyekuwa karani na mama aliyeachishwa shule; mwenye shamba na kibarua wake; mwenyeji na aliyekuja akikimbia mapigano. Aziweke habari hizo mbili katika ukurasa mmoja na kuyaeleza yanayohitilafiana. Atajifunza insha, atajifunza historia, na atajifunza kwamba mtu mwenye maziwa mdomoni hasemi kwa niaba ya wote.

Na siku ya mdahalo, wafundisheni wapinzani wa hoja kwamba lami na simu si jibu. Jibu ni kuuliza: jana iliyokuwa bora, ilikuwa bora kwa nani? Tukiweza kuuliza hivyo, ndipo tutakapoweza kuyatamani mema ya kale bila haya. Maziwa ni mema, na mtoto wa leo apewe. Kiwanda kinachomlipa mkulima kwa wakati ni chema. Heshima kwa mwalimu ni njema, na haikuhitaji kiboko, ambacho kilipigwa marufuku mashuleni mwaka 2001. Hakuna lolote kati ya hayo lililohitaji Wagalla, vyumba vya Nyayo au disiki ili liwezekane. Tunaweza kudai maziwa na kukataa kamba.

Sasa nimrudie mama wa langoni. Alinisalimu kwa jina langu la utotoni, akangoja nimtambue. Nilimtambua kwa ukimya wake, kabla sijaitambua sura yake. Alikuwa yule dada wa mtoto aliyepasuka goti.

"Daktari," akaniambia, "maziwa umeyasimulia vizuri sana. Kile kibao hukukitaja."

Nilitafuta maneno, mimi ninayelipwa kwa kuyajua maneno, nikayakosa. Hatimaye nilimwomba radhi, kwa Kikabarasi, na lugha hiyo ilinitoka kwa kukwamakwama. Akatabasamu kidogo, akasema hakuja kunidai. Kisha akamwonyesha kwa kidole msichana aliyekuwa akikusanya viti pamoja na wenzake. Ni binti yake, na alikuwa upande wa wapinzani, ule ulioshindwa.

"Hajui," akasema. "Sijawahi kumwambia. Kila mtu anasema zamani ilikuwa nzuri, nikaona labda ni mimi tu."

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Binti yule alishindwa katika mdahalo si kwa kukosa ufasaha, bali kwa sababu ushahidi aliouhitaji ulikuwa umeketi safu ya nne, kimya, ukiwapigia makofi watetezi wa hoja. Nilipokuwa nikiondoka niliwaona mama na binti wakitembea pamoja kuelekea barabarani, na mama ndiye aliyekuwa akizungumza.